Ukungu wa Jukwaani: Ununue, Ukodi, au Uache?

Mtu akaaye Kibosho, Kilema, Marangu au Rombo hahitaji kufundishwa ukungu ni nini. Asubuhi ya mwezi wa saba hufungua mlango wake, wala haoni mgomba wa tatu kutoka barazani. Ng'ombe humsikia tu zizini. Mpaka jua lipate nguvu ndipo ukungu hupanda taratibu kuelekea msituni, na Kibo huonekana kama mtu aliyefunuliwa shuka usoni.

Basi, huenda wengine wakauliza: Kwa nini gazeti letu liandike habari za mashine ya kutengenezea ukungu? Je, hiyo si kupeleka ndizi Machame?

Sivyo. Siku hizi katika kumbi za Moshi mjini, bwana na bibi harusi hucheza dansi yao ya kwanza katikati ya ukungu mweupe, kana kwamba wanakanyaga mawingu. Kwaya nazo zikipiga picha za nyimbo zao hupenda ukungu huohuo. Vijana wetu wa vijijini wameyaona mambo hayo, nao wayataka katika michezo yao ya Noeli na Pasaka. Si vibaya. Mchezo wa Musa mlimani Sinai, au wa Bwana kupaa mbinguni, wahitaji wingu. Lakini kuna ukungu wa namna nyingi: mmoja ni maji tu, mwingine waweza kuua mtoto. Yafaa kila mzazi na kila kiongozi wa vijana ajue kuupambanua.

Yaliyotokea usiku wa Noeli

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuutazama mchezo wa Noeli katika kijiji kimoja cha mlimani. Ukumbi ulikuwa darasa la shule. Mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo madirisha yote yalifungwa. Watu walijaa, watoto wameketi chini mbele kabisa, akina bibi kwenye viti, akina baba wamesimama nyuma.

Vijana walikuwa wamechanga fedha zao tangu mwezi wa tisa. Wengine waliuza ndizi, wengine walivuna kahawa ya jirani kwa ujira. Kwa fedha hizo walinunua kutoka mjini barafu kavu, wakaipandisha mlimani ndani ya kasha. Walitaka Malaika awatokee wachungaji katika wingu linalotambaa chini.

Mambo yalianza vizuri. Maji ya moto yakamwagwa katika ndoo zenye barafu ile, na mara ukungu mzito, mweupe kama maziwa, ukamiminika sakafuni. Watu wakapiga makofi. Watoto wakauchezea kwa mikono. Na pale katikati, juu ya majani makavu, chini kabisa sakafuni, alilazwa mtoto mchanga wa miezi mitatu, mtoto halisi wa mama mmoja wa jumuiya, awe Mtoto Yesu. Ukungu ukamfunika asionekane.

Mara mama mmoja aliyekuwa amekaa mstari wa pili akaruka jukwaani bila kuomba ruhusa. Alikuwa muuguzi mstaafu. Akaingiza mikono katika ukungu, akamwinua mtoto, akapiga kelele: "Fungueni milango! Watoto wote wasimame, watoke nje!"

Watu walikasirika. Kiongozi wa vijana akamfuata barazani.

"Shikamoo, mama. Mbona umetuharibia mchezo?"

"Marahaba, mwanangu. Sikuharibu. Je, wajua ni kitu gani ulichokimwaga mle ndani?"

"Ni barafu tu, mama."

"Si barafu unayoijua wewe. Njoo uketi hapa nikueleze."

Mtoto hakudhurika, Mungu ashukuriwe. Alipiga chafya, akalia, akanyonya. Lakini watoto watatu wa mstari wa mbele walilalamika kichwa kuwauma, na mmoja alitapika. Maneno aliyoyasema mama yule barazani ndiyo yaliyonifanya niitafute habari hii mpaka mwisho wake.

Barafu kavu ni kitu gani?

Barafu kavu si maji yaliyoganda. Ni hewa ukaa iliyogandishwa, ile hewa tunayoitoa puani tukipumua. Baridi yake yafika nyuzi 78 chini ya sifuri. Mtu akiishika kwa mkono mtupu, ngozi huungua kama kwa moto. Tena haiyeyuki kuwa maji, bali hugeuka hewa moja kwa moja. Kilo moja hutoa lita zaidi ya 500 za hewa ukaa.

Ukungu tunaouona ni unyevu wa hewa uliopozwa ghafula. Lakini pamoja nao imo hewa ukaa, nayo haionekani wala hainuki. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu. Kwa hiyo haipandi. Hujilaza chini kama maji katika bonde. Na ni nani aliye chini? Ni mtoto aliyelazwa, na watoto walioketi sakafuni.

Hebu tupige hesabu pamoja. Darasa lenye urefu wa meta 8, upana meta 6 na kimo meta 3 lina meta za ujazo 144. Kilo 5 za barafu kavu zikigeuka hewa zote, hutoa meta za ujazo 2.7. Hewa hiyo ikijilaza katika meta moja ya chini, ambayo ni meta za ujazo 48, basi kila sehemu 100 za hewa ya pale zina karibu sehemu 6 za hewa ukaa. Wataalamu wa usalama wa kazi wasema kwamba sehemu 4 katika 100 tayari ni hatari kwa uhai. Hewa safi ya kawaida haina hata sehemu moja katika 1,000.

Ndugu zetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, waijua hatari hii tangu zamani. Karibu na mlima wa moto Nyiragongo, hewa ukaa hutoka ardhini na kujikusanya mabondeni. Mbuzi huingia humo kula majani, asitoke. Hata watu wamekufa hivyo. Wenyeji huita mahali hapo mazuku. Na kule Kamerun, mwezi wa nane mwaka 1986, ziwa Nyos lilitoa hewa hiyo kwa wingi usiku mmoja, ikatelemka vijijini, na watu wapata 1,700 walikufa.

Mtu asidhani kwamba mambo hayo ni ya milima na maziwa tu. Mwaka 2020 mjini Moscow, watu walimwaga barafu kavu katika bwawa la kuogelea la ndani ili kupata ukungu wa sherehe. Watu watatu walikufa.

Kwa hiyo twasema wazi: barafu kavu haifai katika darasa, wala katika chumba kidogo, wala palipo watoto chini. Anayeitumia katika ukumbi mkubwa awe mtu aliyefundishwa, na milango iwe wazi. Tena isisafirishwe katika gari lililofungwa vioo, maana dereva aweza kulewa hewa hiyo akiwa njiani. Wala isifungwe katika chupa au dumu lenye kifuniko cha kukaza, kwani hewa hujaa humo na chupa hupasuka kama bomu.

Mashine ya kawaida yafanyaje kazi?

Mashine iliyozoeleka, ambayo wapambaji wa harusi huiita mashine ya moshi, ni kitu kingine. Ingawa huitwa hivyo, haitoi moshi, maana hakuna kinachoungua. Ndani yake lipo tangi dogo la dawa ya maji. Dawa hiyo ni maji safi yaliyochanganywa na glaikoli au gliserini. Pampu huisukuma dawa katika chuma chenye joto kali sana. Hapo hugeuka mvuke, ukatoka kwa nguvu katika tundu la mbele. Ukikutana na hewa ya baridi, mvuke huwa vitone vidogo sana vinavyoelea.

Msomaji wa mlimani ataelewa upesi. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda mteremko wa Kilimanjaro. Ikifika juu penye baridi, unyevu wake huwa vitone, ndilo wingu la msituni. Mashine hufanya jambo hilohilo ndani ya sanduku.

Kwa sababu hiyo ukungu wa mashine hudumu zaidi penye baridi na unyevu. Kiasi kilekile cha dawa kinachotoweka upesi Moshi mjini mwezi wa pili, chaweza kuujaza ukumbi wa mlimani mwezi wa saba hata watazamaji wasione jukwaa. Basi ijaribuni mashine mahali penyewe, tena saa ileile ya mchezo.

Namna za mashine

Ya kwanza ni hiyo tuliyoieleza. Hutoa ukungu mzito kwa kishindo, kisha hupumzika ipate joto tena. Yafaa kwa tukio moja: Malaika anatokea, kaburi linafunguka, mlima unafuka. Hata wachawi katika mchezo wa Makbeth wa Shakespeare, ambao S. S. Mushi aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968, wangefurahi kuwa nayo.

Ya pili hutoa ukungu mwembamba, usioonekana sana wenyewe, ila hufanya miale ya taa ionekane angani. Hiyo hupendwa na wapiga muziki. Bei yake ni kubwa zaidi, na kwa mchezo wa kijiji haina lazima.

Ya tatu hutoa ukungu unaotambaa chini. Nyingine hutumia barafu kavu, ambayo tumekwisha kuisema. Lakini ipo njia salama zaidi: ukungu wa mashine ya kawaida hupitishwa katika kasha lenye barafu ya kawaida ya maji, ile ya friji. Ukipoa huwa mzito, ukatambaa sakafuni kwa muda kabla ya kupanda. Vijana wenye akili ya ufundi waweza kulitengeneza kasha hilo wenyewe, bila hofu ya hewa ukaa.

Mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha

Kwanza, umeme. Mashine ndogo hula wati 400 au 500, ya wastani wati 1,000, kubwa wati 1,500 na kuzidi. Jenereta ndogo ya wati 800 haiwezi kuivuta mashine ya wati 1,000, hata mkiizimia taa zote. Umeme wa jua wa nyumbani, ule wa taa na simu, hauwezi kabisa. Kwa darasa au ukumbi mdogo wa parokia, mashine ya wati 400 mpaka 1,000 yatosha. Msiichomeke katika waya mmoja pamoja na vipaza sauti na birika la chai.

Pili, dawa yake. Muulizeni muuzaji dawa ya mashine hiyo yapatikana wapi, na kwa bei gani. Mashine bila dawa ni sanduku tu. Wala msikubali mtu awaambie mtie mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, manukato au sabuni. Kitu kisichokusudiwa kikipita katika chuma cha moto chaweza kuwaka, au kutoa moshi wa kudhuru mapafu.

Tatu, mara za kuitumia. Hapa ndipo fedha za vijana hupotea. Ulizeni bei ya kukodi kwa siku moja kutoka kwa wapambaji wa mjini. Kisha gawanyeni bei ya kununua kwa bei ya kukodi. Ikiwa jibu ni 10, nanyi mwacheza michezo miwili kwa mwaka, basi mashine itajilipa baada ya miaka 5, nayo huenda ikafa kabla ya hapo kwa kukaa stoo bila kusafishwa. Hapo kukodi ni busara. Lakini parokia tatu au nne zikishirikiana, kununua moja kwaweza kufaa, mradi awepo mtu mmoja wa kuitunza. Mali ya wote bila mwangalizi huoza mapema.

Siku ya mchezo

Iwekeni mashine nyuma ya jukwaa, mahali palipo sawa, mbali na mapazia na majani makavu. Tundu la mbele ni moto mno. Mtoto asifike hapo. Iacheni ipate joto dakika kadhaa kabla. Mtu mmoja tu aishike swichi, wala asitoke pale. Dawa isiongezwe wakati mashine ina umeme.

Fahamuni tena kwamba ukungu hauonekani bila taa. Taa ikipigwa kutoka mbele, watu wataona ukuta mweupe tu. Ipigeni kutoka nyuma au pembeni, ndipo wingu litang'aa. Na kidogo chatosha: sekunde 3 au 4 za ukungu, kisha mngoje.

Chini ya tundu la mashine sakafu hulowa na kuteleza. Panguseni, hasa ikiwa Mamajusi watapita hapo na makanzu marefu.

Jambo kubwa ni pumzi za watu. Mwaka 2005 watafiti wa Canada waliwapima wafanyakazi wa michezo na sinema wanaovuta ukungu wa namna hii kazini. Waliona kwamba waliokaa karibu sana na mashine walikuwa na nguvu ndogo zaidi ya mapafu, na kupumua kwa mluzi na kubanwa kifua kulizidi kwa waliouvuta kwa muda mrefu. Mchezo wa saa moja kwa mwaka si sawa na kazi ya kila siku. Hata hivyo mtu mwenye pumu aweza kubanwa hata na kidogo. Basi kabla ya mchezo tangazeni wazi: "Leo kutakuwa na ukungu, mwenye pumu akae karibu na mlango." Madirisha mawili yawe wazi, hata mvua ikinyesha. Na kwaya isiimbe mbele ya tundu, maana koo hukauka.

Moto hapana

Kuna vijana wasemao: "Mashine ya nini? Tuchome majani mabichi, au tuwashe fataki." Hapana, wapendwa. Moshi wa kitu kinachoungua ni sumu ndani ya nyumba. Mwezi wa kwanza mwaka 2013, mjini Santa Maria nchini Brazil, wapiga muziki waliwasha fataki ndani ya ukumbi. Cheche ziliruka darini, sponji ya dari ikawaka, na watu 242 walikufa, wengi wao vijana wanafunzi. Wengi hawakuunguzwa na moto. Waliuawa na moshi, maana mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Hesabuni milango ya ukumbi wenu, kisha mjibu wenyewe.

Wingu la kitambaa

Na kwa wasio na fedha wala umeme wa kutosha, ipo njia ya zamani ya michezo ya Ulaya. Tundikeni mbele ya Malaika kitambaa chepesi cha pazia, cheupe, chenye matundu madogo. Taa ikikimulika kwa mbele kutoka pembeni, kitambaa huonekana kama ukuta, na Malaika haonekani. Mkizima taa hiyo polepole na kuwasha nyingine nyuma ya kitambaa, Malaika hutokea kama mtu anayetoka katika ukungu wa alfajiri. Tochi mbili zenye nguvu zatosha. Lakini msitumie mshumaa karibu na kitambaa, wala msichukue chandarua ambacho mtoto alalia. Mbu hawajui habari za michezo.

Mwaka uliofuata nilirudi katika kijiji kile. Yule muuguzi mstaafu sasa alikuwa mshauri wa vijana, na kiongozi wao hakufanya jambo bila kumwuliza. Walikuwa wamekodi mashine ndogo kwa siku moja, wakaitumia mara mbili tu. Malaika alitokea nyuma ya kitambaa. Madirisha mawili yalikuwa wazi, na watu wamejifunika makoti. Hori la Mtoto Yesu liliwekwa juu ya meza, na ndani yake alilala mwanasesere aliyefungwa vitambaa. Fedha zilizosalia walizipeleka kuezeka nyumba ya mjane mmoja.

Tulipotoka, nilimwuliza bibi mmoja aliyekuwapo hata mwaka wa kwanza: "Bibi, mchezo upi ulikupendeza zaidi?"

Akacheka, akajifunga vizuri kitenge chake kwa ajili ya baridi.

"Ule wa kwanza ulikuwa na wingu kubwa," akasema, "lakini sikumwona mtoto. Leo nimemwona."